Tromboni Iliyosubiri Vipimo Mia Mbili na Kumi na Mbili

Verna Kettunen alikuwa na kazi ambayo watu wa Port Hallam waliamini wenye kuifanya walikwisha kufa wote. Ukiwatajia mtunzi wa muziki wa okestra, waliona picha ya mwanamume mwenye nywele za kizamani, aliyezikwa miaka mia mbili iliyopita kwenye nchi yenye makasri. Verna yeye alikuwa hai. Alikuwa na miaka sitini na tatu, goti bovu, na kila Jumanne alisimama kwenye foleni ya samaki wa moshi kama watu wengine.

Siku moja muuza samaki alimuuliza, "Hivi ule muziki bado unatengenezwa?"

"Unatengenezwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Muuza samaki akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akamwongezea samaki mmoja wa bure. Verna alimchukua samaki, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akinung'unika, maana huruma ile ilikuwa na miiba mingi kuliko samaki mwenyewe.

Mji wenyewe uko kaskazini kabisa mwa Ziwa Superior, na baridi yake si ya kusimuliwa ukatarajia kusadikiwa. Mwezi wa pili ukianika suruali nje asubuhi, jioni huingizi suruali ndani. Unaikaribisha, inaingia imesimama kwa miguu yake. Katika baridi hiyo Verna alitunga muziki kwenye meza ya jikoni kwa penseli, asubuhi, kabla watoto hawajaanza kuja kujifunza piano. Alikuwa na watoto ishirini na wawili kwa wiki, wengine na vidole vizito kama soseji. Jumapili alipiga kinanda kanisani. Katika miaka thelathini na tano alikuwa ametunga kazi thelathini na tatu, na kila moja ilipigwa mara moja tu. Mwenyewe alikuwa akisema watoto wake huzaliwa na kuzikwa jioni ileile, na watu wanakula keki baadaye ukumbini.

Kompyuta hakuitaka, kwa sababu, alisema, inapiga kila kitu kwa sauti ya friji. Aliandika mwenyewe karatasi za wapigaji wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka hivi kwamba ungedhani amewafundisha sisimizi kusimama mstarini. Alijivunia mwandiko huo kuliko mtu anavyopaswa kujivunia kitu chochote. Hilo liweke akilini, litarudi.

Basi okestra ya mji, baada ya kamati kukaa miaka mitatu, ilimwandikia barua. Walitaka kazi mpya ya kufungulia tamasha la mwezi wa pili. Isizidi dakika kumi na nne, ilisema barua, na kama inawezekana isiwatishe watu.

Kufungulia. Kwa wenye kazi hii neno hilo lina maana yake. Muziki wa mtunzi aliye hai huwekwa mwanzoni kabisa, kama mkeka wa mlangoni, ili waliochelewa wafutie miguu yao hapo, wavue makoti, wakohoe vikohozi vyao vyote, wakae, na ndipo aanze kupigwa marehemu waliyemlipia tiketi. Verna alijua. Alisoma barua mara mbili, akaimeza hasira yake na kahawa, akakubali, kwa sababu alikuwa na kitu kichwani.

Alikuwa na honi ya ukungu. Zamani, pale mwisho wa ukuta wa bandari, palikuwa na honi kubwa iliyolia ukungu ukishuka, sauti mbili nzito, ya pili chini ya ya kwanza, kisha kimya, kisha tena. Baba yake Verna alifanya kazi kwenye meli za kubeba mawe ya chuma. Ukungu ukishuka mama yake alisimama dirishani na kitambaa cha vyombo mkononi, akihesabu kimya kilicho kati ya mlio na mlio, na hakuna mtoto aliyethubutu kuomba chakula. Honi ile wakubwa waliing'oa miaka ishirini iliyopita, wakasema meli siku hizi zinaonyeshwa njia na mitambo ya angani. Hakuna aliyeulizwa. Waliikata vipande, wakaipeleka kusikojulikana.

Verna alianza kutunga kutoka mwisho. Dakika tatu za mwisho aliziandika kwanza: okestra inapungua, mmoja mmoja ananyamaza, mpaka zinabaki fidla zinazovuma kama pumzi, na juu ya pumzi hiyo tromboni ya tatu, ile tarumbeta ndefu ya kuvuta na kusukuma, inapiga zile sauti mbili. Mara tisa. Dakika kumi na moja zilizotangulia zilikuwa njia ya kufikia hapo. Ilimchukua miezi kumi na minne. Akaiita *Mama Dirishani*.

Tromboni ya tatu ilikuwa ya Murdo Baptie, mtu mrefu mwenye masharubu, aliyekulia kwenye mashamba ya ngano ya Saskatchewan, mahali ambapo ukungu hauna wa kumtisha. Karatasi yake ilisema akae kimya vipimo mia mbili na kumi na mbili, yaani ahesabu mapigo ya wenzake kundi baada ya kundi mpaka mia mbili na kumi na mbili, ndipo apige. Kuna watu wa tromboni wamezeeka katika hesabu hizo.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi mpaka saa sita na nusu. Saa ilishikwa na Garth Polowy, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahesabu wapigaji na kuzilinda dakika zao. Alikuwa na saa ya kuning'iniza shingoni, kubwa kama kisahani. Ikifika saa sita na nusu aliinua mkono, na hata kama fidla ilikuwa katikati ya kilio, kilio kilikatika, watu wakafunga masanduku, wakaenda kula. Hiyo ndiyo sheria ya chama chao, na Verna hakuichukia, maana midomo na mabega ya watu si chuma. Alichokichukia ni mpangilio. Kiongozi wa okestra, Lucien Dufault, mtu anayeongoza okestra nne katika miji minne na anayejua ratiba za ndege kuliko rubani, alianza na marehemu. Mpiga piano alikuwa ametoka Montreal na skafu yake, na wakakaa na marehemu huyo, ambaye kila mtu pale jukwaani angeweza kumpiga akiwa usingizini, saa mbili na dakika kumi na moja. Aliye hai akapewa dakika zilizobaki.

Verna alikaa safu ya kumi na kitabu kikuu, chenye muziki wa wapigaji wote, mapajani. Ni desturi: mtunzi hasemi na wapigaji. Akiwa na neno anainua mkono kama mwanafunzi, anangoja kiongozi ageuke, na kiongozi hupenda kutogeuka. Walifika kipimo cha tisini, Garth akainua mkono.

"Kesho tutaanza na wewe," alisema Dufault akivaa koti.

Kesho hawakuanza naye. Skafu ya Montreal ilikuwa na wasiwasi kuhusu sehemu ya pili. Saa sita na dakika kumi na nane ndipo walipofungua karatasi za Verna, wakapiga moja kwa moja, na ilikuwa nzuri, nzuri hata Verna akasahau goti, wakafika kipimo cha mia mbili na nane, okestra nzima ikiwa imesimama juu ya sauti moja kubwa iliyo wazi, na Murdo kule nyuma ameinua tromboni yake midomoni kwa mara ya kwanza katika siku mbili. Mkono wa Garth ukapanda.

Murdo akaishusha tromboni.

Dufault alimkuta Verna kwenye ukumbi wa nyuma, karibu na mashine ya kahawa. Alikuwa na uso wa mtu anayeleta zawadi.

"Bi Verna, nimepata wazo. Pale tulipoishia. Ile sauti kubwa. Tuishie palepale leo usiku."

"Kuishia?"

"Watu watapiga makofi wenyewe. Ni mwisho mzuri sana, tayari umeuandika bila kujua."

"Mwisho nimeuandika nikijua. Umebakiza dakika tatu."

"Ambazo hatujazigusa. Sitaki kuwapeleka wapigaji mahali nisipopajua mbele ya watu mia nane. Nakulinda wewe."

"Siku mbili umekaa na mtu aliyekufa," Verna alisema. "Hakulalamika, hakupata nafuu, na wala hatakuja leo. Mimi nipo hapa, nina goti, na unanilinda."

"Usikasirike, mama."

"Mimi si mama yako. Mama yako angekufundisha kumaliza chakula."

Murdo, aliyekuwa akijimiminia kahawa, alikohoa. Dufault alitazama saa, akasema ana simu, akaondoka. Verna akabaki na Murdo.

"Kwa hiyo sipigi?" Murdo aliuliza.

"Umesikia mwenyewe."

"Nimehesabu vipimo mia mbili na nane leo. Jana tisini. Nimekipasha kiti joto kwa siku mbili. Mke wangu akiniuliza nilifanya nini kazini nitamwambia nilikalia kiti."

Verna hakucheka. Mtu akualike kwake chakula cha jioni, utembee kilomita kumi na moja kwenye theluji, akufungulie mlango, uione meza, akwambie asante kwa kuja, kisha afunge mlango. Hivyo ndivyo walivyotaka kuwafanyia watu mia nane, na kumfanyia mama yake amesimama dirishani.

Wapigaji walipokwenda kula, alipanda jukwaani. Karatasi zilikuwa zimelala kwenye stendi zao. Zilikuwa zake; barua ya mkataba ilisema okestra imeazimwa tu. Akazikusanya karatasi za wapigaji sitini na mmoja, stendi baada ya stendi, akachukua na kitabu cha kiongozi chenye alama ya mkato iliyochorwa kwa penseli nyekundu. Mfagiaji alimwona, akamsalimu. Watunzi husahihisha vitu mpaka wanawekwa kaburini, hakuna anayewauliza. Nje palikuwa na sleji aliyokuja nayo, ile ya kukokotea kuni thelujini. Akazipakia, akazifunga kamba, akazikokota mpaka nyumbani. Wanasema alipopita Mtaa wa Tatu hasira yake ilikuwa na joto hata theluji ikayeyuka nyuma yake, mbwa wakaja kunywa maji. Labda mbwa mmoja.

Saa tisa alasiri mlango uligongwa. Alikuwa Garth Polowy, saa shingoni, kofia mkononi. Verna alimkaribisha, kwa sababu Garth hakuwa mtu mbaya, na kwa sababu mkate wa iliki ulikuwa ndio kwanza unatoka jikoni na Garth alikuwa na pua.

"Dada Verna," alisema baada ya kipande cha pili, "stendi hazina kitu."

"Najua."

"Dufault anasema tufungue kwa wimbo wa taifa."

"Afungue. Ule una mwisho, hata yeye anaujua."

Garth akazungusha kikombe. "Sheria yetu ina kipengele. Wapigaji wanaweza kutoa dakika zao wenyewe, wakipiga kura. Tangu niwe na hii saa hawajawahi kupiga, maana hakuna aliyewahi kuwaomba. Murdo ameniomba. Nimekaa kwenye simu toka saa saba. Arobaini na tisa wamekubali, watano wamekataa, saba hawakupatikana."

"Dakika ngapi?"

"Tano, siyo sita. Saa moja na dakika kumi jioni."

"Na kiongozi wenu?"

"Kiongozi hana kura," Garth alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Karatasi zikija zikiwa na mwisho, zitapigwa zikiwa na mwisho. Zikija bila mwisho ni shauri lako. Hiki kipande cha mkate nakichukua cha njiani."

Saa moja na dakika kumi jioni karatasi zilikuwa zimerudi kwenye stendi na wapigaji wamekaa, wamevaa nguo nyeusi za tamasha, wengine wakitafuna bado. Dufault alipanda kwenye kijukwaa chake bila kumtazama mtu. Garth akabonyeza saa. Wakaanzia kipimo cha mia mbili. Verna, safu ya kumi, alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Sauti kubwa ikaja, ikafunguka, ikaanza kupungua, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe okestra ile ikavuka kipimo cha mia mbili na nane. Filimbi zikanyamaza. Ngoma zikanyamaza. Fidla zikabaki zinapumua. Murdo akainua tromboni.

Ikatoka sauti ya mwanambuzi aliyekanyagwa.

Murdo, mtu mwaminifu, akaendelea na ya pili, ambayo ilikuwa mbuzi yuleyule amekanyagwa mguu mwingine. Fidla zikafa moja moja. Dufault akashusha fimbo, akageuka polepole kumtazama Verna.

"Ndivyo ulivyotaka?"

Verna hakuinua mkono. Aliinuka, akapanda ngazi za jukwaa kwa goti lake, akapita katikati ya wapigaji wote mpaka nyuma, akaichukua karatasi ya Murdo. Kule mwanzoni mwa mstari, mahali pa ile alama inayomwambia mpigaji asome sauti za juu au za chini, alama wanayoiita ufunguo, palikuwa na ufunguo wa sauti za juu. Umechorwa vizuri. Umechorwa kwa mwandiko ule wa sisimizi.

"Ni kosa langu," alisema. "Nimeweka ufunguo usio wake. Honi imepanda juu." Akamgeukia Murdo. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Hivi?"

"Muziki wa kisasa, Bi Verna. Mtu anajuaje? Mwaka juzi mahali pengine nilimuuliza mtunzi mmoja kama sauti fulani ni makosa, akalia. Nimefanya mazoezi nyumbani wiki tatu, namna hiyohiyo. Mke wangu amehamia kwa dada yake."

Okestra nzima ikacheka, hata wale watano waliokataa. Aibu ilimpanda Verna mpaka masikioni. Angetaka jukwaa lifunguke. Dufault alisema taratibu, "Unaona sasa? Ningekata, usingeaibika."

Hapo hasira ikamrudia nzima, na ilikuwa imeleta ndugu zake.

"Ungekata nisingejua," alisema. "Kosa limelala kwenye stendi hii Ijumaa na Jumamosi, kwa saa tano nzima, limejilaza kama paka. Sitini na mmoja mmelipita. Hakuna aliyelisikia kwa sababu hakuna aliyefika. Mazoezi ni ya nini, Bwana Dufault? Ya kumkumbusha marehemu njia? Haya ndiyo mazoezi. Haya hapa. Mtu anapiga, anakosea, anasahihishwa, na aliyekosea ni mimi. Nipe penseli."

Mtu wa tromboni ya pili akampa penseli. Akafuta, akachora.

"Dakika mbili na nusu," Garth alisema.

Dufault aliinua fimbo yake. Kisha akageukia okestra. "Kutoka kwa tromboni," alisema.

Sauti mbili zikatoka, nzito, ya pili chini ya ya kwanza. Safari hii hapakuwa na mbuzi. Ilikuwa yenyewe. Mzee mmoja wa fidla kubwa, mzaliwa wa mji, aliacha kupiga akatazama mlangoni kama mtu aliyeitwa. Garth alikuwa ameshika saa kwa mikono miwili na hakuitazama, lakini ilipokwisha akaitazama, kwa sababu kazi ni kazi.

"Zimebaki sekunde nne," alisema. "Kuna swali?"

Saa mbili usiku ukumbi ulijaa. Waliochelewa walizuiliwa nje kwa dakika kumi na nne nzima, kwa sababu mama aliyekuwa akilinda mlango alikuwa ameisikia honi kwenye mazoezi ya jioni, akaegemeza mgongo wake mlangoni, na hakuna aliyempita. Kule juu balkoni, watu wazima walianza kuchezesha midomo kati ya mlio na mlio. Walikuwa wanahesabu. Hawakuambiwa na mtu. Mlio wa tisa ulipokwisha na fidla kuzimika, hakuna aliyepiga makofi, na katika kimya kile mzee mmoja wa balkoni akasema kwa sauti yake ya kila siku, kama aliye nyumbani kwake, "Haya, meli imepita."

Ndipo makofi yakaja.

Kuna mbio ambazo watunzi wote huzijua. Kiongozi hunyoosha mkono gizani, mtunzi huinuka safu ya kumi, apite magoti ya watu kumi na wawili, akimbie mpaka ngazi, na akifika mguu wa kwanza makofi yamekwisha, anainamia ukimya. Verna alikuwa amezishindwa mbio hizo mara thelathini na tatu. Safari hii Dufault aliponyoosha mkono, hakukimbia. Alisimama palepale alipokuwa, akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya vichwa vya watu, kuelekea nyuma kabisa ya okestra, mpaka Murdo Baptie alipolazimika kusimama na tromboni yake, masharubu yakimcheza. Makofi yalidumu. Mkewe alikuwepo, inasemekana alirudi nyumbani usiku uleule.

Gazeti la Jumatatu lilimpa mpiga piano mistari ishirini na sita na picha ya skafu. Juu ya kazi ya Verna liliandika kwamba tamasha lilifunguliwa na utunzi wa mwenyeji. Jina halikutajwa. Verna alilikata, akalitumia kuwashia moto wa chumba chake cha kuogea mvuke.

Mwezi wa nne ikaja barua nyingine. Kamati ilikuwa imefurahi. Iliomba kazi mpya ya kufungulia, isizidi dakika nane, na iliongeza kwa adabu kwamba kiongozi angependelea mwisho unaokatika kwa urahisi iwapo muda utabana.

Verna aliisoma amesimama. Kisha akaketi kwenye meza ya jikoni, akachonga penseli mpaka ikawa na ncha ya sindano, akavuta karatasi ya kwanza, na katika kipimo cha kwanza kabisa, kabla ya fidla, kabla ya ngoma, kabla hata kiongozi hajamaliza kukohoa, akaiandikia tromboni ya tatu ianze peke yake. Akautazama ufunguo mara tatu. Kisha akampigia Murdo simu.

"Safari hii usichelewe kwenye kahawa, unaanza wewe," alimwambia. "Wakate mwisho wakipenda. Wa kwangu uko mwanzo."